Sweta ya Mkono wa Kijani

Mwalimu hakuwahi kunuka jasho. Hilo nampa, tena nalitanguliza nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Alinuka sabuni ya mche, dawa ya kifua ya kupaka, na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo ambavyo hadi leo nikivinusa dukani naondoka bila kununua nilichokwenda kununua. Watu wa kijiji chetu, huku Tetu, walisema hiyo ndiyo harufu ya usafi. Mimi niliyefungua kabati lake msimu baada ya msimu nasema harufu ile ilikuwa kifuniko tu, na chini ya kifuniko kulikuwa na mambo.

Alitufundisha sayansikimu katika shule ya msingi, na alipostaafu akabaki palepale ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ya mawe yenye mabati mekundu. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, ninafuma sweta za shule kwa mashine mjini Nyeri. Siku moja akaingia dukani na sketi iliyolegea mpira wa kiuno. Aliniangalia juu ya miwani kwa muda, kisha akasema, "Wewe ulikuwa wangu. Laini ya nyuma. Ulikuwa unakata kucha na meno."

"Ni mimi, Mwalimu."

"Na bado unakata. Sasa sikiza. Jumamosi kuja unisaidie kugeuza kabati. Hii mgongo yangu haikubali kuinama."

Hakuuliza kama nina nafasi. Hakuuliza kama nina watoto, au kama Jumamosi ndiyo siku wazazi wanajaa dukani. Niliitikia ndiyo, na wateja wangu wakashangaa maana wanaujua mdomo wangu. Lakini nilikuwa na sababu, na ni heri niiseme mapema msomaji asidhani nilikwenda kwa wema. Mahali fulani ndani ya nyumba ile kulikuwa na sweta yangu.

Huku kwetu mwaka una nguo za aina mbili. Mvua ndefu ya njahi ikiisha mwishoni mwa Mei, ukungu unashuka kutoka msituni na kukalia majani chai hadi saa sita, mlima unapotea, na mtu anayetembea bila sweta anaulizwa kama ameachwa na akili. Hali hiyo inaendelea hadi Agosti imalizike. Septemba jua linarudi na watu wanaanza kuonekana shingo. Kwa hiyo Mwalimu aligeuza kabati mara mbili kwa mwaka, Mei ikiisha na Septemba ikianza, na shughuli yenyewe aliiheshimu kuliko Pasaka.

Kabati lilikuwa la mbao ya mkangazi, la milango miwili. Mlango wa kushoto ulikuwa upande wa baridi, wa kulia upande wa jua. "Nguo ya jua na nguo ya baridi hazilali pamoja," alisema, kwa sauti ileile aliyotuambia kwamba wavulana na wasichana hawakai dawati moja. Kila kitu kilitolewa. Makoti yalianikwa juu ya ua wa kayaba, miiba ikiyashika mabegani. Rafu zilipanguswa kwa kitambaa cha sabuni, zikatandikwa gazeti jipya, pembeni yakawekwa majani makavu ya mubangi, lile gugu la harufu kali linalofukuza wadudu, halafu juu yake vidonge vyeupe, maana hakuamini kinga moja. Sweta zilikunjwa mikono ikiwa nyuma, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Ukikunja mkono mmoja mbele alikufumulia kazi yote uanze upya.

Yeye mwenyewe aliketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni na rula mkononi. Rula hiyo hakuistaafisha.

Basi nikaanza kupekua mifuko ya makoti, kwa sababu koti haliwezi kulala miezi tisa likiwa na vitu mfukoni. Hapo ndipo nilipojua Mwalimu ni nani. Kwenye mfuko wa koti la kahawia nikatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kupangusia mikono. Kilikuwa chapati, au kilikuwa kimewahi kuwa chapati.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Hiyo ni ya harusi ya mtoto wa chifu. Weka kwa sahani."

"Imeota manyoya."

"Manyoya inapanguswa."

Akaipangusa. Naapa aliipangusa, taratibu, kwa kitambaa kilekile cha rafu, akaiweka kwenye sahani ya maua na kuifunika. Sikungoja kuona ilikwenda wapi. Kwenye makoti mengine nilitoa mfupa wa mbuzi uliotafunwa nusu, mandazi magumu kama changarawe, peremende iliyokwisha kunyonywa ikarudishwa kwenye karatasi yake, na vitambaa vya kamasi vilivyokauka hadi vikasimama vyenyewe. Kila harusi, kila mazishi na kila ruracio, yaani karamu ya mahari, ya ukoo mzima ilikuwa imelala humo tangu Juni. Nilitoka nje mara mbili kuvuta hewa, na yeye akaniuliza kama nina mimba.

Mtu huyu ndiye aliyekuwa akituinua kola kwa rula.

Jumatatu asubuhi tulipanga mistari na yeye akapita. Hakutugusa kwa kidole hata siku moja. Rula iliingia chini ya kola, ikainua, akachungulia shingo, akasema "Sawa" au "Rudi mtoni." Rula iligeuza viganja. Rula ilipekua nywele. Msichana aliyekamua ng'ombe alfajiri na kuja shule na harufu ya maziwa alitengwa kando, na sisi wengine tukaambiwa tumwangalie vizuri ili tusiwe kama yeye. Karibu wote tulikuwa tumekamua ng'ombe. Tulimwangalia mwenzetu na kushukuru Mungu kwamba pua ya Mwalimu ilimpata yeye.

Misemo alikuwa nayo ya kila tukio. "Nguo haikosi adabu, anayekosa ni mwenyewe." "Maji ya mto hayauzwi." Lakini msemo wenyewe hasa, ule alioutumia Juni hadi Agosti, ulikuwa huu: "Baridi ni ya wavivu." Ulimwona mtoto anatetemeka penseli ikimtoka mkononi, Mwalimu anapita na kumwambia baridi ni ya wavivu, na yeye mwenyewe chini ya koti ana sweta mbili. Tulizihesabu kolani. Wakati mwingine zilikuwa tatu.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme, ingawa linaniudhi kulisema. Siku moja msichana wa darasa la sita alizimia tukiwa shambani mwa shule. Mwalimu alimfunga mgongoni kwa leso yake, kama mama anavyobeba mtoto, na kumpeleka zahanati kwa miguu kupitia tope lililomfika kwenye vifundo, viatu vyake vya kisigino vikabaki humo humo kwenye tope. Tulimfuata kwa macho hadi akapotea kwenye kona. Tena ndiye aliyetufundisha kushona taulo za hedhi kwa vipande vya flana, akafunga madirisha yote, akatuambia kwamba hakuna aibu hapo na atakayecheka atamwona yeye. Wasichana waliacha kukosa shule. Hayo ni kweli na ninayashuhudia. Lakini yananichukiza zaidi, si kidogo, kwa sababu yanaonyesha kwamba moyo alikuwa nao. Aliujua mahali ulipo. Aliutoa alipotaka na kuurudisha alipotaka, kama koti.

Sasa niseme kuhusu sweta.

Sheria ya shule ilitaka sweta ya rangi ya damu ya mzee, shingo ya V, bila mchoro wowote. Ilikuwa ya kununuliwa mjini. Nyumbani kwetu za kununuliwa hazikuwepo, mama alifuma. Alifumia kwenye kituo cha majani chai, akisubiri lori la kupima, amesimama kwenye foleni na kikapu chake mgongoni, vidole vinakwenda vyenyewe huku akipiga soga. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli alizozisugua kwenye jiwe hadi zikalainika. Na uzi wake haukuwa wa mtoto mmoja. Sweta ikimkaza dada yangu, mama aliifumua, akaosha uzi, akaukausha, akafuma ya mwingine. Nilivaa iliyokuwa ya dada, na mdogo wangu akavaa iliyokuwa yangu, na uzi ukaendelea hivyo hadi ukaisha nguvu.

Mwaka ule nilioingia darasa la saba, mama alifuma sweta yangu ya kwanza ya uzi mpya. Ilikuwa damu ya mzee kama sheria ilivyotaka, mwili wote, mkono wa kushoto wote, na mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Hapo uzi ukakatika na duka likawa halina tena rangi ile. Akamalizia kwa kijani. Mimi nililia. Mama akanivalisha, akakunja mikono mara mbili maana ilinipita vidole, akasema, "Nimekufumia ya kukulia. Ukifika ukubwa wangu bado utaivaa. Kijani ikunje ndani, nani ataona?"

Mwalimu aliona. Alikuwa anasimama kwenye geti la shule asubuhi za Julai na gunia kando ya miguu yake, na kila mtoto aliyekuja na sweta isiyo ya shule, au kofia ya marvin, au skafu ya nyanyake, alisikia neno moja tu.

"Vua."

Unavua. Gunia linafunguliwa, na jioni linakwenda naye nyumbani kwake. "Kuja na mzazi," anasema, na macho yake yameshahamia kwa mtoto anayefuata. Nilivua. Nakumbuka ukungu ulivyoniingia kwapani. Nilikaa darasani siku hiyo na shati la mikono mifupi, na adhuhuri midomo yangu ilikuwa imekufa ganzi nikashindwa kutamka jibu la hesabu, na nikaambiwa baridi ni ya wavivu.

Wazazi wengi hawakuja. Walikuwa kwenye majani chai, au waliogopa shule, au waliona ni heri kumfunga mtoto gazeti kifuani chini ya shati. Mama yangu alikuja. Alitoka moja kwa moja kuchuma, akiwa na viatu vya gamubuti na lile joho la plastiki la wachumaji, limelowa umande. Niliwaona kupitia dirisha. Mwalimu alimnyooshea rula kwamba asivuke kizingiti. Mama akasimama nje kwenye manyunyu, mikono ameifumbata mbele, na Mwalimu akazungumza akiwa ndani, amejiziba pua kidogo kwa kitambaa. Mazungumzo hayakuchukua muda. Mama alirudi njiani bila kitu. Jioni nilimwuliza akaniambia, "Amesema mwisho wa muhula." Mwisho wa muhula nilikwenda mwenyewe kuuliza, nikapigwa rula ya vidole. "Ulikuja na mzazi? Mzazi yuko wapi?" Nilirudi nyumbani nikamwambia mama imepotea, na mama akasema basi tuachane nayo.

Hakunifumia nyingine ya uzi mpya. Nilipokuwa nimeolewa alifariki, na tulipogawana vitu vyake hatukupata hata kipande kimoja alichofuma. Vyote vilikuwa vimefumuliwa vikawa vingine, na vingine vikawa tambara la kuoshea masufuria. Ndipo nilipofahamu kwamba kama kuna kazi ya mkono wa mama iliyobaki nzima duniani, ni ile aliyoinyang'anya Mwalimu. Nililichukia wazo hilo kwa sababu lilinifanya nimhitaji mwanamke yule.

Kwa hiyo niligeuza kabati lake. Kila Mei na kila Septemba nilikwenda, nikatoa, nikapangusa, nikakunja mikono nyuma. Nilijua sketi zake zote kwa majina. Nilijua koti alilolivaa siku ya kustaafu, na gauni la njano ambalo halikuwahi kutoka upande wa jua kwa sababu, alisema, jua lenyewe bado halijafika kiwango chake. Mwaka mmoja nilikuta panya amezaa ndani ya kofia yake ya zambarau ya kanisani, watoto wekundu wasio na nywele wamejikunja kwenye bitana. Nilipiga kelele. Mwalimu akaichukua kofia, akaikung'uta juu ya ua kwa pigo moja, akaipuliza ndani, akaitundika. Jumapili aliivaa. Alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma yake, na mahubiri ya siku hiyo sikuyasikia hata neno.

Ni kanisani hapohapo, Juni nyingine, aliposimama kama mwenyekiti wa akina mama na kututangazia tulete nguo za joto kwa ajili ya wazee. "Kuna watu wetu wanalala wakisikia baridi," alisema, na sauti yake ikatetemeka, na watu wakapangusa macho. Yeye alileta soksi mbili, na hazikuwa jozi.

Sweta yangu sikuiona. Lakini chini kabisa, upande wa baridi, kulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli. Kila mara nilipolifikia rula iligonga sakafu.

"Hiyo wacha. Hiyo ni ya shule."

"Shule si uliacha, Mwalimu?"

"Mimi niliacha. Vitu ya shule haiachi kuwa ya shule."

Mtu ataniuliza kwa nini sikusema waziwazi. Nimejiuliza pia. Nadhani sikutaka kuomba kilicho changu. Nilitaka nikione kwa macho yangu, nikichukue, nipite nacho mbele yake akiwa ameketi kwenye kile kiti chake, asiwe na la kusema. Mwaka hadi mwaka niliupanga mwendo huo kichwani nikikunja sketi zake.

Mwaka jana Mei iliisha na Mwalimu hakuniita. Juni ikaisha. Katikati ya Julai nikapigiwa simu na binti yake anayeishi Nakuru. "Tafadhali nenda umwone," akaniambia. "Ananiambia ati bado ni Aprili. Mimi nitakuja kumchukua mwisho wa mwezi, lakini nguo zake hakuna mtu amepanga." Nikafunga duka mapema, nikavaa jaketi langu jipya lenye manyoya ndani, nikashuka mtoni na kupanda upande wa pili.

Nilimkuta jikoni kwenye kiti kilekile cha plastiki, karibu na jiko la makaa lililokwisha kupoa. Alikuwa amepungua. Koti la kahawia, lile la chapati, lilimzunguka mwili likabaki. Alinitazama sana.

"Wewe ni wa darasa gani?"

"Ni mimi wa sweta, Mwalimu. Wa mjini. Nimekuja kugeuza kabati."

"Umechelewa. Baridi imeshaingia." Akavuta koti. "Mimi nasikia baridi, wewe. Nasikia kwa mifupa."

Ningeweza kumjibu. Jibu lilikuwa hapa kwenye ulimi, tena alikuwa amelitengeneza mwenyewe. Nililimeza nikaingia chumbani.

Kabati lilikuwa halijageuzwa tangu Septemba, na safari hii hata vidonge havikuweza kuficha harufu yake. Kuvu ya kijivu ilikuwa imepanda kwenye mgongo wa kabati hadi juu. Gauni la njano lilikuwa na mabaka. Nikavuta sanduku la bati hadi katikati ya chumba na kumwuliza kwa sauti ufunguo uko wapi. Rula haikugonga. Akasema tu kutoka jikoni, "Si uko kwa mlango, kwa msumari," na nikaona ulikuwa umetundikwa pale miaka yote, mbele ya macho yangu.

Nilifungua. Harufu iliyotoka mle sijawahi kuisikia popote, na mimi nimefuga nguruwe. Sanduku lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Sweta za watoto za rangi zote, skafu, marvin zenye vishungi, vyote vimeshikana vikawa kitu kimoja chenye unyevu. Nilipovuta mkono wa sweta ulikatika kama ugali. Nondo walikuwa wamekula, panya wakanya, kuvu ikamaliza. Niliona sweta ya mistari ya msichana niliyekaa naye, yule aliyekuwa anafungwa gazeti kifuani. Nilitapika kidogo kwenye beseni la kupangusia, nikajifunga leso puani, nikaendelea. Nilichimba hadi bati lenyewe. Kulikuwa na kazi za mikono ya akina mama na nyanya wa kijiji kizima humo ndani, na hakuna hata moja ambayo ingeweza kumfunika paka. Hazikuwa zimeuzwa, hazikuwa zimevaliwa na mtu, hazikuwa zimepewa wazee. Alizichukua kwa watoto waliokuwa wakitetemeka ili zioze.

Yangu haikuwemo.

Nilikwenda jikoni hivyo hivyo, mikono inanuka. Nilimkuta ameinuka nusu anafikia birika la chai kwenye meza, na mkono wa koti ukarudi nyuma. Chini yake, kwenye kiwiko cha kulia, damu ya mzee iliisha na kijani ikaanza.

Niliketi kwenye gunia la makaa.

"Hiyo sweta umetoa wapi, Mwalimu?"

"Hii?" Akaitazama kama mtu anayeulizwa kuhusu mkono wake. "Hii ni yangu. Nimevaa hii miaka mingi, kila Julai. Zingine zote zinaniwasha, hii hapana. Hii siweki kwa kabati, inakaa chini ya godoro." Akanyoosha mkono nione, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue uso wake ukafunguka. "Ona hapa. Alimaliza uzi, si ndio? Lakini angalia vile alishikanisha. Huwezi sikia fundo. Na hakuna mahali imefumuka. Mimi nimefundisha kufuma miaka yote na sijaona mtu anafunga hivi. Huyo alikuwa anajua kazi."

"Ni mama yangu."

"Mama yako nani?"

"Alikuja shule kuichukua. Alikuwa na gamubuti. Ulimwambia asimame nje, na kulikuwa kunanyesha."

Alifikiri. Alijaribu kwa kweli, niliona akijaribu. "Wengi walisimama nje," akasema. "Sakafu ilikuwa imepigwa deki."

Akamimina chai, nusu ikaingia kikombeni. Halafu akaniuliza.

"Na wewe umekuja hapa miaka hii yote. Si ungeitisha tu?"

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga mwendo wangu kwa miaka na hakuna hatua niliyoikumbuka. Lilikuja neno moja tu, na lilitoka kwa sauti ambayo haikuwa yangu.

"Vua."

Alinitazama. Kisha akatua kikombe, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, kama tulivyokuwa tukiinua sisi. Hakubisha. Nilishika pindo la chini nikavuta, na ndani kulikuwa na fulana iliyotoboka na mbavu na mikono miwili myembamba iliyobaki imeinuliwa hata baada ya sweta kutoka, inangoja kuambiwa ishuke.

Nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa nimeifikiria siku hiyo tangu nikiwa mtoto, na kitu cha kwanza nilichokisikia ni kwamba ilikuwa na joto, na joto lenyewe lilikuwa lake. Lilinikaa viganjani kama mate ya mtu. Ilinuka dawa ya kifua na chai na uzee. Nilitaka kuitupa, na sikuweza kuiachia.

Nilivua jaketi langu nikamvalisha, nikavuta zipu hadi kidevuni, nikawasha makaa upya, nikasogeza kiti chake karibu na jiko. Asije mtu akaniambia huo ulikuwa ukarimu. Sikutaka tu kusikia amekufa kwa baridi na mimi ndiye niliyemvua. Alipapasa manyoya ya ndani kwa vidole, akasema, "Hii ni ya duka," na nikajua kwamba halikumpendeza.

Nilipofika mlangoni akaniita.

"Msichana."

"Naam, Mwalimu."

"Hiyo usivae shule."

"Sitavaa."

Nilitoka. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ua wa kayaba, na nilikuwa na blauzi peke yake, na kilima cha upande wetu ni kirefu. Nilifika mtoni nikitetemeka meno. Nilisimama pale kwenye daraja la mbao, nikaishika sweta mbali na uso wangu, kisha nikaipitisha kichwani nikikunja pua. Ilinuka harufu yake, shingoni na kwapani, na niliona kinyaa kila hatua hadi nyumbani. Sikuikunja mikono, wala kijani sikuificha. Mama alikuwa ameifuma ya kukulia, na ilinitosha.